Jogoo wa wimbo wa saba

Wimbo wa saba kwenye albamu yetu una jogoo. Anawika mara mbili, dakika ya pili na kitu, pale ambapo malimba, ala ya njiti za chuma, ya babu wa mpiga ngoma wetu yamebaki peke yake na sisi wengine tumenyamaza. Watu hutuuliza tulimtoa wapi, kama ni sauti ya kununua mtandaoni. Hatukumtoa popote. Alikuwa anapita.

Nasimulia jinsi albamu hiyo ilivyopatikana kwa sababu vijana wa hapa Mtwara, na wengine kutoka Lindi, wakija dukani kwangu kuprinti huanza na fotokopi na kuishia kuniuliza: dada, mlirekodi wapi, mlilipa shilingi ngapi? Jina la bendi silitaji, wala la albamu. Anayetujua anatujua, na hapa sijaja kuuza.

Tuko wanne. Mimi napiga gitaa kavu na nyimbo nyingi nimeziandika mimi. Mchana nina kiduka cha kuprinti, fotokopi na picha za pasipoti. Besi anapiga binamu yangu, fundi pikipiki. Mwimbaji wetu alikulia kwenye kwaya ya kanisa, na ilituchukua karibu mwaka mzima kuilegeza sauti yake itoke kwenye mstari wa kwaya. Mpiga ngoma ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye tumba mbili na nusu ya dramu. Nusu nyingine bado anaidunduliza. Tunapiga magitaa, besi na ngoma, huku tukiimba kwa kuitikiana kama wanawake wanaorudi unyagoni. Wanaopenda kuweka kila kitu kwenye fungu lake wanauita muziki huu indi foki-roki. Hiyo indi maana yake hatuna lebo. Hakuna bosi wa kukulipia studio, na hakuna bosi wa kukuuliza kwa nini wimbo una dakika sita.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenda Dar es Salaam. Machi 2022 nilipokea mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, wenzangu wakachangia, tukafikisha shilingi 1,400,000. Tukapanda basi alfajiri na magitaa yetu tumeyapakata kama watoto wachanga, tukaingia Dar jioni miguu imevimba. Studio tuliyokwenda siitaji, na kwa kweli prodyuza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mpole, mwepesi wa mikono, ametengeneza nyimbo ambazo hata nyumbani kwetu zinachezwa harusini. Ila yeye alijua kutengeneza kitu kimoja, na sisi tulikuwa kitu kingine, na hakuna aliyelisema hilo mpaka pesa ilipokuwa imeshalipwa.

Alituvalisha hedifoni zenye kliki, ule mdundo wa ko-ko-ko unaokushikia mwendo. Mwalimu wetu akifika kwenye kiitikio huwa anakimbia kidogo, na akirudi kwenye ubeti anatulia. Si kosa, ndivyo ngoma inavyopumua. Kwenye kliki tulikuwa kama kuku aliyefungwa mguu: unapiga hatua mbili, kamba inakuvuta. Prodyuza akanyoosha kila palipopinda, kuanzia ngoma hadi sauti ya mwimbaji, ambayo aliipitishia programu ya kuikalisha kwenye noti. Siku ya tatu tulikuwa na nyimbo tatu safi kabisa ambazo mtu yeyote angeweza kuwa ameziimba.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuja kuwa kubwa kuliko yote. Mwalimu ana babu yake mzaa mama, upande wa Nanyamba, mpiga malimba. Nilikuwa nimemrekodi kwa simu, nikataka kipande kile kiingie kwenye mwanzo wa wimbo mmoja. Prodyuza akakisikiliza, akakifanyia kazi nusu saa, akanigeukia kwa furaha: “Dada, ile noizi nimeitoa yote.” Noizi aliyoitoa ni ule mvumo, ile zzz inayofuata kila njiti ya chuma inapoguswa. Kilichobaki kilikuwa kama kengele ya mlangoni. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na mpaka leo nikikumbuka najikunja.

Tukaondoka na nyimbo tatu za MP3. Miezi miwili baadaye tulipotaka kubadilisha ubeti mmoja ndipo tulipoambiwa kwamba sauti moja moja, gitaa peke yake, besi peke yake, hazipo tena, kompyuta imesafishwa. Siku hizi kijana akiniambia anakwenda studio namuuliza swali moja tu: mmekubaliana utatoka na nini mkononi? Kama hutoki na faili za WAV, zile za sauti isiyobanwa, za kila chombo kwenye diski yako mwenyewe, umekodi wimbo, hujaumiliki.

Kwa muda tulikaa kimya. Aliyetuamsha ni binamu, kwa hadithi aliyoipata mtandaoni ya Mmarekani mmoja, Justin Vernon, ambaye majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007 alijifungia kwenye kibanda cha kuwindia cha baba yake huko Wisconsin, akatoka na nyimbo zilizokuwa albamu ya kwanza ya bendi yake, Bon Iver. Binamu akasema: yeye alikuwa na kibanda, sisi tuna nyumba ya shangazi Mikindani.

Ni kweli tulikuwa nayo. Shangazi yake mwimbaji ana chumba kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba ukikaa dirishani unaweza kukunja miguu. Ukipiga gitaa mle ndani sauti inarudi imeiva. Tulichosahau ni kwamba Wisconsin wakati wa baridi kuna theluji, na theluji inameza kelele. Mikindani haina cha kumeza kelele. Kunguru wanaanza kabla ya jua, bodaboda wanafuata, watoto wanatoka madrasa, adhana tano kwa siku, muuza samaki na honi yake, na jirani ambaye redio yake sijapata kuisikia imezimwa. Tukajifunza kurekodi baada ya isha. Hapo bahari nayo ikajitokeza. Siku za bamvua maji yanapanda mpaka karibu na ukuta, na maiki inayasikia hata kama wewe huyasikii. Siku za maji mafu kunakuwa shwari. Tukawa tunapanga ratiba ya magitaa kama wavuvi, kwa kutazama mwezi.

Chumvi ya bahari ilitutesa kuliko kelele. Nyuzi za gitaa Mikindani zinashika kutu ndani ya wiki mbili. Unabadilisha, unarudia mstari ulioharibika, halafu unagundua kwamba ubeti wa kwanza una nyuzi nzee zenye sauti ya udongo na ubeti wa pili una nyuzi mpya zinazong'aa, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja kipya. Kuna wimbo kwenye albamu una kasoro hiyo hiyo. Siutaji, ila wapiga gitaa watautambua.

Na umeme. Gesi inatoka hapa hapa kwetu, Mnazi Bay, na kwa miaka mingi umeme wa Mtwara na Lindi ulizalishwa na mitambo ya hapa hapa bila kuunganishwa na gridi ya taifa; mtambo mmoja ukilala, mikoa miwili ilikuwa inaingia gizani. Tulikuwa na laptopu yangu ya dukani, saundi kadi ya matundu mawili na maiki mbili. Umeme ulipokuwa unakatika tukajaribu betri ya gari na inveta ya bei rahisi. Ikaleta mngurumo kwenye kila sauti, kama nyuki wamefungiwa kwenye debe. Mwisho tukaichomoa, tukabaki na betri ya laptopu yenyewe, ambayo inalisha na saundi kadi. Saa mbili kamili, halafu inakufa.

Sikutegemea kusema hivi, lakini zile saa mbili zilitufaa kuliko siku tatu za Dar. Ukijua una saa mbili hupotezi dakika arobaini kubishana kama sneya, ile ngoma ndogo ya dramu, iongezwe au ipunguzwe. Na kwa kuwa matundu yalikuwa mawili tu, hatukuweza kurekodi mmoja mmoja kila kitu. Maiki moja ilisimama kati ya ngoma na besi, nyingine kati yangu na mwimbaji, tukapiga wote kwa pamoja, bila kliki, tukitazamana. Mwalimu alipokimbia, tulikimbia naye.

Tulikuwa na nyimbo 17. Kila mmoja alikuwa na zake ambazo ziking'olewa atanuna. Kura hazikusaidia, zilileta maneno. Basi nikaanza kuzipiga dukani, kwa sauti ya chini, wakati wateja wanasubiri fotokopi. Sikumuuliza mtu maoni. Ukimuuliza Mtanzania kuhusu kazi yako mbele yako atakusifia mpaka uone haya. Nilikuwa natazama tu. Wimbo ukianza, mteja anaendelea kuchezea simu? Anaendelea kubishana bei? Kuna nyimbo watu walizipita kama upepo. Na kuna mmoja, unaohusu kangomba, ule ununuzi wa korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kabla hata hajavuna, ambao mama mmoja wa Tandahimba alipousikia aliacha kuhesabu chenji. Akasimama mpaka mwisho, akaniambia, “Huyo aliyeandika alikuwa anadaiwa na nani?” Wimbo ule ukawa wa kwanza kwenye albamu. Nyimbo saba zikaachwa nje, tatu kati ya hizo zangu, na moja nilikuwa naipenda kuliko zote. Haikusimamisha mtu. Wiki sita niliipiga pale, haikusimamisha hata mtoto.

Mwishoni mwa Juni 2023 binamu akatuaga. Msimu wa kupuliza mikorosho salfa ulikuwa umefika, mjomba anahitaji mtu wa mashine, na mjomba kwetu akikuita huendi kumwambia una albamu. Mimi nikasema maneno makali. Nilimwambia asiyekuwepo kwenye kurekodi hayupo kwenye mgao. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba nyimbo mbili ninazoziita zangu, mwanzo wake ni mstari wa besi alioutunga yeye kwenye gereji. Na ilikuwa kweli. Mstari ule nilikuwa nimeusikia mara nyingi mno kiasi cha kuuona ni wangu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikafungua duka mapema, nikaandika makubaliano ya ukurasa mmoja: wimbo gani nani kaandika maneno, nani katunga sauti, mapato yanagawanywaje, mtu akiondoka inakuwaje, faili zinakaa kwa nani. Tukatia sahihi wote wanne, binamu akiwa tayari na viatu vya shambani. Mimi ninayewaprintia watu mikataba ya kupanga vyumba kila siku sikuwa nimewahi kuwaprintia ndugu zangu ukurasa mmoja. Binamu alirudi mwisho wa Agosti, macho mekundu kwa salfa na pesa mfukoni, na pesa hiyo ndiyo iliyonunua diski ya pili. Sijamlipa mpaka leo. Imeandikwa.

Septemba tukaenda kwa babu.

Hapa naomba nisiharakishe. Tulipanda kutoka mjini na maiki zetu kwenye ndoo za plastiki, maana barabara ilikuwa vumbi tupu, na dumu la maji, kwa sababu huku juu kwenye nyanda za Wamakonde huendi ugenini mikono mitupu, na maji ni zawadi ambayo hakuna anayeikataa. Babu alikuwa amekaa chini ya mkorosho. Tukampa shikamoo mmoja mmoja, akaitikia marahaba mmoja mmoja, akauliza habari za kila mtu mpaka za wasiokuwepo. Kisha akamuuliza mjukuu wake, mwalimu, kana kwamba mimi sipo: “Huyu binti ndiye mwenye gitaa?” Ndiye, babu. “Analipiga au analibeba?”

Malimba yake ni kibao chenye mwili wa sanduku dogo, njiti kumi na moja za chuma zilizofuliwa, na tundu mbele. Kabla ya kupiga aliinuka, akaenda ukutani, akabandua ule utando mweupe ambao buibui hufungia mayai yake, akaulamba kidogo na kuubandika juu ya tundu. Akagusa njiti moja. Zzz. Nikamkumbuka yule kijana wa Dar na ile nusu saa yake. Mvumo ule hautokani na ubovu wa chombo. Mzee anautengeneza kwa mkono wake, kila mara, kabla ya kuanza.

Mimi nilikuja na programu ya kutyuni kwenye simu. Nikamwomba apige njiti moja moja. Ya kwanza ilikuwa chini kidogo ya noti niliyoitegemea, si tatizo. Ya tatu ndiyo iliyonishinda: haikukaa penye furaha wala penye huzuni, ilikaa katikati, mahali ambapo gitaa langu halina chumba. Nikafanya jambo ambalo leo naliona la ajabu. Nikamwambia, kwa adabu zote, “Babu, hii tunaweza kuisogeza kidogo?”

Akaisogeza. Unaisukuma njiti kwa nyuma inakuwa fupi, sauti inapanda. Simu yangu ikaonyesha kijani. Babu akapiga wimbo wake mara moja, akasimama, akaigusa ile njiti peke yake, akaisikiliza kama mtu anayeonja chumvi.

“Sasa hii imekuwa ya nani?” akasema.

Akairudisha ilipokuwa, bila simu, bila kujaribu mara mbili. “Nyimbo hii ilikuwa hapa kabla ya hilo gitaa lako. Anayefika ndiye anayepiga hodi.”

Basi nikapiga hodi. Nililegeza nyuzi zote sita mpaka ya chini ikakaa sawa na njiti yake ya kwanza, kama robo ya toni chini ya kawaida. Hiyo ilikuwa rahisi. Ile ya tatu haikuwezekana, kwa sababu gitaa lina freti, vile vyuma shingoni, na freti hazisogei. Nilihangaika karibu saa nzima nikibonyeza akodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kila akodi ikigombana na malimba. Mwishowe nikaacha kabisa kuibonyeza sauti ya tatu kwenye ngazi ya noti. Nikabaki na ya kwanza na ya tano tu, nikamwachia babu ya kati. Binamu naye akabaki kwenye noti moja ya chini, akiisukuma taratibu. Na ghafla kukawa na nafasi. Sijui niseme vipi. Ni kama kwenye daladala iliyojaa mtu mmoja anaposhuka na wote mnapumua.

Mwimbaji hakuhitaji maelezo. Alipofungua mdomo aliingia moja kwa moja kwenye ile sauti ya katikati, ile ile ambayo mwaka mzima tulidhani ni ya kwaya, tukimwambia ailegeze. Koo halina freti. Kumbe mama zake na bibi zake waliimba pale pale, naye alikuwa amefundishwa kwaya juu ya kitu kilichokuwa tayari kimekaa.

Tulitundika magunia ya korosho kuzuia upepo, maiki moja futi moja kutoka kwenye tundu la malimba, nyingine kwetu. Mwalimu aliazima ngoma za jirani, zile zenye mguu uliochongoka zinazochomekwa ardhini, akawasha nyasi kavu na kuzikausha ngozi mpaka zikalia juu. Kila baada ya wimbo mmoja moto unarudiwa, kwa hiyo kati ya wimbo na wimbo kuna dakika kumi za kunywa chai. Tulipiga nyimbo tatu. Ya pili yake ndiyo leo ya saba, na ndipo jogoo alipopita. Mimi nilitaka turudie. Babu akasema mikono imechoka, na laptopu ilikuwa imebakiwa na asilimia 6.

Wakati wa kupanga mgao wa mapato tukampelekea babu ile karatasi yetu tukiwa tumemwongeza. Akauliza imeandikwa nini, akasomewa, akakataa sehemu moja. Wimbo hakuutunga yeye. Aliupokea kwa mjomba wake, na mjomba naye alipewa. Tukabadilisha: sisi tukajiandika wapangaji, si watunzi, na yeye mpigaji. Sheria yetu ya 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na mpaka siku ile neno hakishiriki nilikuwa nimeliprintia watu bila kulielewa. Ni haki ya aliyepiga, hata kama hakutunga. Mzee alisaini kwa dole gumba, kisha akaniomba nakala yake aiweke sandukuni pamoja na hati za shamba.

Kumiksi, yaani kusawazisha sauti za vyombo, nilifanya mwenyewe dukani, usiku, na hakuna cha maana cha kusimulia isipokuwa kwamba nilivunja miwani. Kumasta, ule mguso wa mwisho wa albamu nzima, nikampa fundi mitambo mmoja wa Dar, mtu mzima, kwa masharti mawili: mvumo usiguswe, na asiisukume sauti juu mpaka ibanwe kama dagaa. Akacheka, akasema hata ukiisukuma, Spotify wenyewe wanaishusha ifike karibu hasi 14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo unabaki na wimbo uliobanwa na usio na kelele zaidi ya mwingine. Nilitamani ningekutana naye 2022.

Mwanzoni mwa Mei 2024 diski yenye masta ilikuwa inarudi kwa basi. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, mvua ikanyesha kama imetumwa, na barabara ya Dar kuja Lindi ikakatika maeneo ya Kilwa, Somanga na kwingineko. Magari yakalala njiani huku na huku, albamu yetu ikiwa kwenye bahasha ya kaki chini ya kiti cha kondakta. Nikampigia fundi: tutumie kwa intaneti basi. Dakika 44 za sauti isiyobanwa ni karibu MB 760. Akasema atapakia Jumapili, bando la wikiendi. Jumapili hiyo ni tarehe 12, siku nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika kusini huko na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikapiga magoti. Nchi kavu imekatika, baharini kumekatika. Binamu akasema labda babu hajaridhika na sahihi. Bahasha ndiyo iliyofika kwanza, imelowa kona moja. Tangu hapo nina nakala tatu: moja dukani, moja kwa mwalimu, moja Masasi kwa dada yangu ambaye hajui hata ni nini, anajua tu asiikalie.

Wenzangu walitaka tuitoe pale pale, Juni. Nikakataa, na kwa hili najisifu. Mtwara na Lindi Juni mtu ana pesa gani? Pesa iko juu ya miti kama maua, na iliyobaki imenunua salfa. Tukasubiri minada ya korosho ianze. Tukaitoa Novemba, wakulima wakiwa wameanza kulipwa, na tukazunguka na spika Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi, tukiuza flashi zenye albamu nzima.

Mtandaoni mapato ni hadithi fupi. Tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12, na nyimbo zetu sita hazijafika. Kilichotusambaza ni vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu, ambavyo havikutuuliza wala kutulipa. Nilikasirika mpaka nilipokwenda kulalamika kwenye kibanda kimoja na kumkuta kijana akimwambia mteja, “Anza na huu wa kangomba.” Nikanunua vocha nikaondoka. Kama nilikosea sijui. Mwalimu anasema nilikosea.

Desemba tukampelekea babu. Nikaweka simu kwenye spika ndogo, tukakaa chini ya mkorosho ule ule, mabibo yameoza chini na harufu yake imejaa kila mahali. Alisikiliza wimbo wa sita bila kusema neno. Wa saba ulipofika kwenye malimba peke yake akainamisha kichwa, jogoo akawika, akakiinua.

“Huyu jogoo.”

“Ndiyo babu, ni yule wa hapa. Samahani, tulishindwa kumtoa.”

“Tulimla Idi.” Akacheka kimya kimya, mabega tu yakitikisika, kisha akanyoosha kidole kwenye simu. “Hebu rudisha nyuma, awike tena.”